Gurudumu Lililokwaruzwa

Katika mwezi wa Novemba wa mwaka wangu wa pili wa masomo mjini Coventry, Uingereza, nililikwaruza gurudumu la gari la mjomba wangu katika mawe ya ukingo wa barabara. Kosa lenyewe halikuchukua muda mrefu kuliko pumzi moja. Nilikuwa nimempeleka mkazamjomba dukani kununua unga na nazi, na wakati wa kuegesha nilitaka kumsogeza karibu na njia ya miguu ili asikanyage maji ya mvua. Nia ilikuwa njema. Kipimo kilikuwa kibaya. Ikasikika sauti ambayo kila dereva wa nchi ile anaijua na kuichukia, sauti kama ya jiwe la kusagia lililozungushwa bila ya nafaka. Mkazamjomba alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mwambie kabla hajaona mwenyewe," akateremka, akaenda zake kununua nazi.

Sikumwambia. Insha hii ni habari ya kutomwambia kule, na ni habari ya gurudumu lenyewe, ambalo nililazimika kulijua kwa undani zaidi kuliko baadhi ya vitabu nilivyovuka bahari kuvisoma.

Yapasa nieleze gari lile lilikuwa nini kwa mjomba. Aliendesha mabasi ya abiria katika mji ule kwa miaka 22, na katika miaka yote hiyo fahari yake ilikuwa moja: kulisogeza basi karibu na ukingo hata mzee mwenye fimbo aweze kupanda bila ya kujinyosha, na tairi lisiguse jiwe. Alipostaafu alinunua gari jeusi lililokwisha kutumiwa miaka mitano na mtu mwingine. Hakuvuta sigara, hakuwa na saa ya thamani, wala hakupenda mavazi ya kujionyesha. Kila Jumamosi aliliosha gari lile kwa mikono yake, akimalizia na magurudumu, na magurudumu peke yake yalichukua nusu ya wakati wote. Binti yake alikuwa ameposwa, na ilikwisha kukatwa shauri kwamba mwezi wa Aprili gari lile ndilo litakalomchukua bibi harusi.

Siri ya mapenzi yale niliambiwa na mkazamjomba. Babu yangu mzaa mama alikuwa seremala na mkereza katika mji wa Lamu. Alikereza miguu ya vitanda na vijiti vya viti. Kerezo lake lilizungushwa kwa uta, na mjomba alipokuwa mtoto kazi yake baada ya kutoka chuoni ilikuwa kuvuta uta ule, mbele na nyuma, huku babu ameshika patasi. Siku alipokwenda kulitazama gari kwa muuzaji, mjomba aliinama mbele ya gurudumu, akapitisha ukucha wake juu ya uso wa rimu, akasema, "Hii imekerezwa." Hakutaka hata kufunuliwa mtambo. Moyoni alikuwa amekwisha kununua.

Na kwa hakika ilikuwa imekerezwa. Rimu za namna ile hazifanywi kwa chuma. Huyeyushwa alumini iliyotiwa silikoni kiasi cha sehemu 7 katika 100, pamoja na magnesi isiyofika hata nusu ya sehemu moja, ikasubiwa katika kalibu. Kisha hutiwa katika moto wa nyuzi 540 hivi za Sentigredi kwa saa kadhaa, ikatoswa majini, ikaokwa tena kwa moto mdogo zaidi, mpaka ipate ugumu wake. Hupakwa rangi pote. Baada ya rangi kukauka hufungwa katika kerezo linaloongozwa na kompyuta, na ncha ya almasi ikapita juu ya uso wake. Mahali palipoinuka rangi huondoka, madini yakabaki uchi yanang'aa. Mahali palipobonyea rangi husalia. Mwisho hupuliziwa vanishi isiyo na rangi, ili hewa na maji visiyaguse madini yale. Ncha ya almasi huacha mifuo myembamba iliyofuatana kama mifuo ya sahani ya santuri, na jua likiipiga mtu huona rangi za upinde wa mvua zikizunguka pamoja na gurudumu. Ni jambo zuri la kutazama. Lakini uzuri wote huo umefunikwa na utando mwembamba kama unywele, na utando ukitobolewa hakuna tena mlinzi.

Mtu aweza kuuliza kwa nini mawe ya ukingo, ambayo yalikuwapo tangu zama za magari ya farasi, yawe adui wa gari la leo kuliko la jana. Jibu limeandikwa ubavuni mwa tairi. Tairi la mjomba liliandikwa 225/40 R18. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili yasema kwamba kimo cha ubavu wake ni sehemu 40 katika 100 za upana huo, yaani milimita 90. Ya mwisho ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukingo wa barabara nchini Uingereza aghalabu huinuka juu ya lami kiasi cha milimita 100 hadi 125. Basi jiwe limeushinda ubavu wa tairi kwa kimo, na rimu haina ngao. Magari ya zamani yalikuwa na rimu ndogo za chuma na tairi nene. Yakigusa ukingo, mpira ndio ulioumia, na mpira hausemi. Sisi tumekuza rimu na kupunguza mpira kwa ajili ya kufurahisha macho, na pengine kwa ajili ya uthabiti wa gari katika kona, kisha twalilaumu jiwe, ambalo halikutoka mahali pake.

Jeraha nililolitia lilikuwa urefu wa shubiri moja katika ukingo wa rimu ya mbele, upande wa kushoto, pamoja na mchubuko juu ya ncha ya spoku moja. Halikuwa la kina. Kucha iliingia, kidole hakikuingia. Usiku ule nilijiambia kwamba kitu kidogo namna ile hakistahili kumharibia mzee chakula chake. Siku ya pili nilijiambia kwamba habari iliyochelewa siku moja yaweza kuchelewa mbili. Ijumaa ilipofika, mjomba alipokwenda msikitini, nilitoka nyuma ya nyumba na karatasi ya msasa, kopo la puti, na kopo la rangi ya fedha ya kupuliza.

Nilifanya kazi kwa bidii ya mtu mwenye hofu, ambayo ni bidii mbaya kuliko uvivu. Msasa haukujua mpaka wa jeraha. Uliivua vanishi nzima iliyolizunguka, na mifuo myembamba ya almasi ikafutika kama maandishi ya ubaoni. Puti niliitia juu ya madini yenye unyevu, maana manyunyu yalikuwa yakianguka. Rangi ilipokauka nilirudi nyuma hatua kumi nikaona nimefaulu. Nilipokaribia hatua tatu niliona nimeharibu. Rangi ya fedha ni fedha kwa jina tu. Mng'aro wake ni wa vumbi la madini lililotawanyika ndani ya rangi, na mng'aro wa rimu iliyokerezwa ni wa madini yenyewe yaliyopangwa mfuo kwa mfuo. Viwili hivyo vikiwekwa pamoja, kimoja humsingizia mwenzake uongo, na macho hutambua kabla akili haijatambua. Juu ya gurudumu lile palionekana doa la kijivu kama jicho lenye mtoto.

Mjomba aliporudi alisimama mlangoni, akanusa. "Harufu ya rangi," akasema.

"Labda ni jirani, mjomba," nikajibu.

Akanitazama kidogo, akavua viatu, akaingia.

Baridi ilikuja mapema mwaka ule. Katika nchi ile, maji yanapotishia kuganda barabarani, serikali za miji hutuma magari usiku kumwaga chumvi ya mawe. Nyingi katika chumvi hiyo huchimbwa Winsford, katika jimbo la Cheshire, katika mgodi ulioanza kazi mwaka 1844. Chumvi ile huokoa shingo za watu na kula magari yao. Mahali vanishi ilipo nzima, huoshwa ikaondoka. Mahali ilipopasuka huingia pamoja na maji, na alumini huanza kuota kutu yake, ambayo si nyekundu kama ya chuma bali ni nyeupe kama unga. Tena haikai mahali pamoja. Hutambaa chini ya vanishi, ikichora nyuzi nyembamba zilizopindapinda, kama njia za mchwa chini ya rangi ya ukuta. Mwezi wa Desemba niliona uzi mmoja. Mwezi wa Januari ulikuwa na ndugu zake. Kila Jumamosi mjomba aliliosha gari, akafika katika gurudumu lile, akaliosha sawa na mengine, hakusema neno. Nami nilimtazama kutoka dirishani na kitabu mkononi, na sikumbuki ukurasa wowote nilioufaidi katika Jumamosi zile.

Nimefikiri mara nyingi baadaye juu ya ukimya wake. Lau angalinigombeza ningalitubu siku ile ile, kwa kuwa kukiri mbele ya ghadhabu ni jambo jepesi. Lakini yeye aliniachia nafasi, na nafasi ile ilipanuka siku baada ya siku hata nikaogopa kuivuka. Mkazamjomba naye, ambaye aliketi kando yangu siku ya kosa, hakunifichua wala hakunisaidia. Alinipakulia chakula kama kawaida. Mara moja tu, alipokuwa akikuna nazi, alisema kama anayejisemea nafsi yake kwamba Novemba na Februari zimekuwa mbali sana mwaka huu.

Katika Februari hiyo, asubuhi ya Jumatatu, mjomba aligonga mlango wa chumba changu. Nilimwamkia, akanitikia, kisha akasema, "Vaa koti. Tulipeleke gurudumu la jirani kwa fundi."

Sikuwa na la kusema. Nilivaa koti. Njiani, katika taa nyekundu ya tatu, nilimweleza yote: maji ya mvua, jiwe, msasa, puti, uongo. Alisikiliza mpaka mwisho na macho yake yakiwa barabarani. Akauliza swali moja tu, kama mkewe alikwisha kushuka garini wakati nilipogonga au alikuwa bado ndani. Nilimwambia alikuwa ndani. "Hakuumia?" Nikasema hakuumia. Taa ikawa kijani.

Karakana ilikuwa katika mtaa wa viwanda pembeni mwa mji, na ndani yake rimu zilikuwa zimetundikwa kwa kulabu kama nyama buchani, kila moja na hatua yake. Mwenyewe alikuwa Mwingereza wa makamo mwenye mikono iliyokauka kwa dawa. Alilifungua gurudumu, akatoa upepo, akalitenga tairi na rimu kwa mashine, akabandua vipande vidogo vya uzani. Kisha aliizungusha rimu mbele ya kipimo ili ajue kama imepinda, akaikagua kwa ndani kama ina ufa. Alituambia kwamba mchubuko humleta mteja, lakini ufa ndio unaoua, na mara nyingi ufa hukaa upande usioonekana. Haikuwa na ufa. Nilipumua. Katika miezi ile mitatu sikuwahi hata mara moja kufikiri kwamba puti yangu ingaliweza kufunika jambo la namna hiyo.

Akaikwangua puti yangu kwa kisu, ikatoka nzima kama ganda la kidonda. Hakuuliza ni kazi ya nani. Rimu akaitia katika pipa la dawa ya kuondoa rangi, akatuambia tungoje.

Tulipokuwa tukingoja, rimu ya mteja mwingine ilikuwa katika kerezo, na mjomba aliomba ruhusa ya kutazama. Kwanza kidude kidogo cha kupimia kilipita juu ya uso wa rimu toka ukingoni mpaka kati, kikisoma milima na mabonde yake, maana hakuna rimu mbili zilizo sawa sawa baada ya kutembea barabarani. Kompyuta ikachora njia. Ndipo ncha ya almasi ikashuka, rimu ikazunguka, na unyuzi mwembamba wa alumini ukaanza kumwagika. Kila mpito huondoa sehemu chache za kumi za milimita moja. Nilimwuliza fundi kama almasi ile ilitoka mgodini, maana nilitaka kumtajia Mwadui kule Shinyanga, ambako almasi zilivumbuliwa mwaka 1940, na ambako ilitoka ile almasi ya rangi ya waridi aliyotunukiwa Binti Mfalme Elizabeth mwaka 1947 alipoolewa. Akacheka, akasema almasi yake ilitengenezwa na watu kiwandani, kwa kugandamiza kaboni katika joto kuu. Mjomba hakusikiliza habari za almasi. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, akiisikiliza sauti ya mkato, na mkono wake wa kuume ulikuwa ukienda mbele na nyuma polepole juu ya goti, kama anayevuta kitu.

Rimu yetu ilipotolewa katika dawa na kuoshwa, ilikuwa uchi kabisa, ya kijivu, na jeraha langu lilionekana dogo kuliko nilivyolikumbuka. Fundi alisema si la kuchomelea. Kina chake kingeondoka kwa kusuguliwa. Na hata kama lingekuwa na kina, alisema, kuchomelea hakupendi, kwa sababu moto wa kuchomelea huuharibu ugumu ule uliopatikana kwa tanuri na maji kiwandani, na karibu na spoku hakubali kuufanya kwa fedha yoyote. Nilifurahi. Nilikuwa nikihesabu moyoni: rangi, kerezo, vanishi, na kabla ya siku ya harusi yote yamesahauliwa.

Mjomba akaitwaa rimu, akaipakata. Akapitisha kidole gumba juu ya ukingo wake, akakipitisha tena kando ya matundu ya nati, kisha akajaribu kukirudisha kile kifuniko kidogo cha katikati. Kifuniko hakikulala sawa, kilichomoza kidogo. Akamtazama fundi, akauliza, "Hii imekerezwa mara ngapi?"

Yule Mwingereza alimwangalia kwa namna nyingine tangu hapo. Akaileta taa. Akatuonyesha jinsi ukingo ulivyokuwa mwembamba na makali kuliko ipasavyo, na jinsi mashimo ya rangi yalivyopoteza kina chake. Kwa ukadiriaji wake, baada ya kutoka kiwandani ilikwisha kukerezwa mara mbili, pengine tatu, kabla gari halijamfikia mjomba. Mwenye gari wa kwanza alikuwa rafiki mkubwa wa mawe ya ukingo. Fundi alisema kila mkato huchukua madini, na madini yakichukuliwa hayarudi. Baadhi ya wenye viwanda vya magari hawaruhusu hata mkato mmoja, na yeye mwenyewe hazidishi mara mbili. Hii hatakereza. Palikuwa na njia mbili: kununua rimu mpya moja, ambayo bei yake ilizidi posho yangu ya mwezi mzima, au kuzipaka rimu zote nne rangi moja na kuuacha ule mng'aro.

Hapa naungama jambo ambalo naona haya nalo zaidi kuliko kosa la kwanza. Niliposikia maneno yale nilifurahi. Nilimgeukia mjomba, nikamwambia, "Basi hata ningalikuambia siku ile ile, isingalikerezwa."

"Kweli," akasema. "Na jirani angalipumzika."

Alichagua rangi. Nilimwambia ninunue ile mpya, hata kwa kukopa, ili bibi harusi apate magurudumu yake yanayong'aa. Akanieleza bila ya hasira kwamba moja mpya kabisa kati ya tatu zilizokwisha liwa itaonekana kama jino la dhahabu. Tena kama hii imekatwa hivi, nani anajua zile zimekatwaje? Fundi alizifungua zile tatu. Mbili zilikuwa na wembamba ule ule. Mjomba alikaa nazo kwa muda, akizigusa. Nadhani alikuwa akifikiri juu ya ile siku kwa muuzaji, alipopitisha ukucha wake akaamini kwamba anaigusa kazi ya kwanza ya mkereza.

Zikaondolewa rangi zote nne, zikapulizwa kwa mchanga mwembamba, zikapakwa rangi ya unga. Unga ule hutiwa umeme, ukavutwa na madini, ukashika hata katika pembe ambazo brashi haifiki. Kisha rimu huingizwa katika tanuri la nyuzi 200 hivi, unga ukayeyuka, ukawa ngozi moja. Rangi aliyoichagua ilikuwa ya kijivu cha kukoza, kama mawe ya pwani baada ya maji kupwa. Gharama nilizilipa mimi. Alizipokea fedha zangu zote, akazihesabu mbele yangu, hakunipunguzia hata peni moja, nami nikamshukuru kwa hilo kuliko angalinisamehe.

Siku ya harusi, mwezi wa Aprili, palikuwa na jua, jambo ambalo katika mji ule hustahili kuandikwa. Mjomba alitoka na kanzu yake nyeupe, akalizunguka gari mara moja, akanipa ufunguo. Nikasema, "Mjomba, endesha wewe." Akasema yeye ni baba wa bibi harusi na leo haendeshi mtu. Akaingia mbele, kando yangu. Mkazamjomba na binti yake wakaketi nyuma, na nguo nyingi kuliko viti.

Nilipofika mbele ya ukumbi nilipunguza mwendo, nikatazama kioo cha kushoto, nikatazama tena, nikasimamisha gari. Palikuwa kimya. Mjomba alitazama mbele tu. Mkazamjomba akafungua mlango, akakadiria umbali uliokuwapo baina ya mguu wake na njia ya miguu, akauliza kama tumwitie mtumbwi.